Mali Iliyofichwa Haifutwi na Talaka

(Hotuba kwa wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa na wajumbe wa baraza la usuluhishi, Temeke, Dar es Salaam)

Ndugu mwenyekiti, wajumbe wa baraza, mama zangu na baba zangu, na vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: wakubwa shikamooni. Asalaam aleikum. Bwana asifiwe.

Mmeniomba nizungumze juu ya talaka na mali. Jambo hilo ni pana, nami leo nataka kipande kimoja tu. Ndoa imevunjwa mahakamani, mali zimegawanywa, karatasi zimesainiwa, kila mtu kashika njia yake. Kisha siku moja, msibani au harusini, mmoja wao anasikia habari za nyumba ambayo hakuwahi kuambiwa, nyumba iliyokuwapo siku zilezile walipokuwa wanagawana. Anakuja ofisini kwangu na swali moja: wakili, ndiyo basi tena?

Mtaani jibu lake ni jepesi. Ulishasaini. Hukumu ilishatoka. Mwachie Mungu. Ndugu zangu, mgawanyo wa mali ya ndoa umetungiwa sheria tangu mwaka 1971, na hakuna mahali sheria hiyo inaposema kwamba mtu akifanikiwa kuficha, basi alichoficha kimekuwa chake. Hukumu iliyopatikana kwa kumficha hakimu ukweli inaweza kufunguliwa upya. Ila haifunguki kwa machozi, wala kwa shahidi wa "nimesikia". Mara nyingi hufunguka kwa karatasi ile ambayo mwenye kuficha aliandika uongo wake na kuutia saini. Karatasi hiyo ndiyo imenileta hapa, kwa sababu wengi wenu hamnayo, na hamnayo kwa sababu siku ya shauri hakuna aliyeidai.

Tuchukulie mke na mume wa Tabata. Si watu ninaowajua, ni mfano. Mume ana duka la vipuri, mke anapika na kulea, jioni anauza maandazi na vitumbua. Ndoa inavunjika. Mahakamani zinatajwa nyumba wanayoishi, gari moja na mtaji wa duka. Wanaelewana: mume abaki na nyumba na duka, mke apewe fedha taslimu, vyombo na matunzo ya watoto. Makubaliano yanapelekwa kwa hakimu, yanasajiliwa, yanakuwa hukumu. Mwaka unapita. Binamu anapiga simu: shemeji anapandisha ghorofa Chanika, kiwanja alinunua wakati ule bado mko pamoja, jina kaandika la mdogo wake.

Hapo ndipo tunapoanzia.

Kwanza, je, kiwanja hicho kinamhusu mama huyu? Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali zilizochumwa na wanandoa wakati wa ndoa kwa juhudi zao za pamoja. Hakimu anatakiwa aangalie mchango wa kila mmoja kwa fedha, kwa mali au kwa kazi, aangalie madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote wawili, mahitaji ya watoto wadogo, na mila za jamii yao. Neno "kazi" lilibishaniwa miaka mingi. Wapo waliosema kupika, kufua na kulea si mchango. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilimaliza ubishi huo: kazi za nyumbani ni mchango. Kwa hiyo asiwadanganye mtu kwamba kwa kuwa pesa ya kiwanja ilitoka mfukoni kwa baba, mama wa maandazi hana lake.

Ni kweli sheria ina dhana nyingine, kwamba mali iliyoandikwa jina la mwanandoa mmoja huchukuliwa kuwa ni ya huyo mmoja. Lakini dhana hiyo inapingika kwa ushahidi, na kupingana nayo ni kazi ya kila siku ya mawakili wa ndoa. Hata mali aliyokuja nayo mtu kabla ya ndoa inaingia kwenye mgawanyo ikiwa mwenzake ameiendeleza kwa kiasi kikubwa, au wameiendeleza pamoja. Kiwanja cha ujana kilichopandishwa nyumba kwa jasho la wawili si kiwanja kile tena.

Sasa nisikilizeni kwa makini. Kifungu hicho hicho cha 114 kinasema mahakama inaweza kugawa mali wakati wa kutoa talaka au baada ya kuitoa. Ninyi mnaosema "talaka ilishatoka, mlango umefungwa", someni maneno hayo. Ikiwa kuna mali ambayo haikuguswa kabisa katika mgawanyo, haikutajwa, haikujadiliwa, njia ya kwanza ni kurudi ukasema: mheshimiwa, mali hii haijawahi kugawanywa, naomba igawanywe. Wakili wa upande wa pili atasimama aseme jambo hili lilishaamuliwa, na kwamba yote uliyotakiwa kuyadai ulipaswa kuyadai siku ile. Jibu lako litakuwa kwamba usingeweza kudai usichokijua, na hukukijua kwa sababu mwenzako aliulizwa akakificha. Mnaona tulipofika? Tumerudi kwenye lile swali la kama aliulizwa, na jibu lake likaandikwa.

Njia ya pili ni mapitio, yaani kuiomba mahakama ileile iliyotoa hukumu iitazame upya. Sheria ya Mwenendo wa Madai inaruhusu hilo pale unapogundua ushahidi mpya na muhimu ambao, hata kwa bidii ya mtu makini, hukuweza kuupata wakati ule. Hukumu ya makubaliano haikatiwi rufaa, maana huwezi kukata rufaa dhidi ya ridhaa yako mwenyewe, lakini mapitio yanaweza kuigusa. Tatizo lake ni siku. Sheria ya ukomo inakupa siku 30 tu tangu hukumu, na mama wa Tabata amejua baada ya mwaka. Inabidi kwanza aombe kuongezewa muda, na hapo Mahakama ya Rufani haina mzaha: imesema mara nyingi kwamba kila siku ya kuchelewa itolewe maelezo, hata kama ni siku moja. Ndiyo maana nawasihi, ukijua tu, anza. Usiende kwanza kwa mganga, usiende kwanza kugombana getini Chanika, usisubiri kikao cha ukoo cha Desemba. Tangu siku uliyojua, kila siku unayokaa kimya utakuja kuulizwa.

Njia ya tatu ni kufungua shauri jipya ukidai kwamba hukumu ile ilipatikana kwa udanganyifu. Hapa sheria ya ukomo ina huruma kidogo: palipo na udanganyifu, muda hauanzi kuhesabiwa mpaka siku ulipougundua, au siku ambayo ungeugundua kama ungekuwa makini. Ila udanganyifu si neno la kurushia watu. Ukiliandika kwenye hati ya madai lazima useme nani alidanganya, alisema nini, lini, na ukweli ulikuwa upi, na mahakama inataka uthibitisho mzito kuliko ule wa madai ya kawaida. Kwa mashauri yaliyofika hadi Mahakama ya Rufani, kanuni zake za mwaka 2009 zinataja waziwazi kwamba hukumu inaweza kupitiwa ikiwa ilipatikana kwa udanganyifu au kwa kiapo cha uongo, na maombi yaletwe ndani ya siku 60. Kwa walioachana Mahakama ya Mwanzo, ambao ndio wengi hapa Temeke, kuna rufaa ikiwa siku hazijapita, na Mahakama ya Wilaya ina uwezo wa kuita jalada, kulikagua na kupokea ushahidi wa nyongeza. Sheria za nchi zimefanyiwa urekebu, yaani kuchapwa upya pamoja na marekebisho yake, kwa hiyo ukikuta namba ya kifungu imesogea usitishike, tafuta maneno yenyewe.

Nataka niwapeleke mbali kidogo, Uingereza, kwa sababu kule jambo hili lilifika hadi mahakama ya juu kabisa. Tarehe 14 Oktoba 2015 majaji walitoa hukumu mbili siku moja. Ya kwanza ilikuwa ya Alison Sharland. Mumewe alikuwa na hisa nyingi katika kampuni ya programu za kompyuta, na mahakamani alisema hakuna mpango wa karibu wa kuuza hisa hizo kwa umma. Mke akakubali zaidi ya pauni milioni 10. Baadaye ikajulikana kwamba maandalizi ya kuziuza yalikuwa yakiendelea wakati huohuo anapoapa. Najua mtu hapa anawaza: milioni 10 za pauni, huyu mama analia nini? Majaji hawakuwaza hivyo. Walisema ridhaa iliyopatikana kwa udanganyifu si ridhaa, iwe mtu amepewa kidogo au kingi, na kwamba aliyedanganya ndiye mwenye mzigo wa kuonyesha kuwa uongo wake usingebadilisha chochote. Mama yule hakutakiwa kuthibitisha kwamba angepata zaidi.

Ya pili inanigusa zaidi, kwa kuwa inafanana na wanawake ninaokutana nao. Varsha Gohil alikubali mwaka 2004 kupewa pauni 270,000 na gari. Kwenye makubaliano yale iliandikwa kabisa kwamba yeye anaamini mumewe hajataja mali zake zote, ila anakubali ili jambo liishe. Anakubali ili jambo liishe! Wangapi hapa wamesaini namna hiyo? Umechoka, watoto wanatakiwa shule, wazee wanakwambia saini mwanangu upumzike, nawe unasaini huku roho inakwambia kuna kitu kimefichwa. Miaka mingi baadaye mumewe akatiwa hatiani kwa utakatishaji fedha, na mengi yakafumuka huko. Watetezi wa mume wakasema: si alijua anafichwa, na akakubali? Mahakama ya juu ikajibu kwamba mwanandoa hawezi kumsamehe mwenzake wajibu wa kuieleza mahakama ukweli, kwa sababu wajibu huo ni kwa mahakama, si kwa mke peke yake. Maneno yale yaliyoandikwa hayakumkinga mume.

Hukumu za Uingereza hazimfungi hakimu wa Temeke. Anaweza kuzisikiliza kwa heshima akaamua vingine. Lakini nimezileta ili muone tofauti moja kubwa kati yetu na wao. Kule, wanaoachana wakibishania mali mahakamani, kila mmoja anajaza fomu ndefu ya mali zake zote: akaunti, nyumba, hisa, mafao, madeni, na kutia saini kwamba ni kweli. Hata asipoulizwa na mtu, sheria imeshamuuliza. Kwetu kanuni inayotawala ni kwamba anayedai ndiye athibitishe. Mama anataja nyumba, mama atafute hati. Mama anataja kiwanja, mama alete shahidi. Mume akikaa kimya, kimya chake mara nyingi hakina gharama. Naamini hili linapaswa kubadilika. Naamini kila shauri la talaka nchini lingeanza na kiapo cha mali cha pande zote mbili, hata ukurasa mmoja tu, na nusu ya machozi ninayoyaona yangekauka hapohapo. Mpaka siku hiyo ifike, kazi ya kuuliza ni yenu.

Basi ulizeni. Shauri likiwa Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu, sheria inaruhusu kumpelekea mwenzako maswali ya maandishi ayajibu kwa kiapo, na kumtaka aorodheshe na kuleta nyaraka alizonazo. Mawakili wengi wa ndoa hawaitumii njia hii, wanasema inachelewesha. Mwombe wakili wako aitumie. Shauri likiwa Mahakama ya Mwanzo, ambako mambo ni ya mdomo zaidi, simama wakati mwenzako anatoa ushahidi wake umuulize kwa Kiswahili chepesi: una kiwanja kingine popote, kwa jina lako au kwa jina la mtu mwingine anayekushikia? Una fremu? Una akaunti nyingine? Una hisa, vipande, hatifungani? Kuna mtu anakudai au unamdai? Kisha mwombe mheshimiwa ayaandike maswali hayo na majibu yake. Shauri likiisha, omba nakala ya hukumu na nakala ya mwenendo, yaani kumbukumbu ya yote yaliyosemwa mahakamani, uzitunze pamoja na vyeti vya watoto. Mama wa Tabata akiwa na mwenendo unaosema "Sina kiwanja kingine popote", kesi yake ina miguu. Asipokuwa nao, mume atasema kwa utulivu kabisa: sikuulizwa. Na kama mume alisema hivyo kwa kiapo, ajue kuwa kiapo cha uongo ni kosa la jinai, mbali na suala la mali.

Tuzungumze sasa mali zinavyojificha katika jiji hili, maana mambo ya Dar es Salaam tunayajua wenyewe. Ardhi yetu nyingi haina hati. Mtu ananunua Chanika, Goba, Msumi au Mkuranga kwa karatasi ya mauziano, mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na majirani wanaopakana naye wanasaini kama mashahidi. Jina linaandikwa la mdogo wake, la mama yake mzazi, la mtoto wa miaka 4. Anayetafuta kwa Msajili wa Hati hatakuta kitu. Lakini karatasi ile ina tarehe, ina mashahidi, ina bei, na mara nyingi nakala yake imebaki ofisini kwa mtaa. Majirani wale wanamjua aliyekuja na pesa, wanamjua anayekuja Jumapili kusimamia mafundi. Huo ndio ushahidi wa nani mwenye kiwanja kwa kweli. Wenyeviti mlio hapa, nawaomba kwa heshima: mtu akija na wito wa mahakama, msimfiche rafiki yenu.

Palipo na hati ya kumiliki au leseni ya makazi kazi ni nyepesi zaidi. Ukiwa na namba ya kiwanja na kitalu unaomba upekuzi, unalipa ada, unajibiwa ni jina la nani na kama kuna mkopo juu yake. Kampuni unaiangalia BRELA, wakala wa usajili wa biashara: nani wakurugenzi, nani wenye hisa, na ziliandikwa lini. Siku hizi kampuni zinatakiwa pia kueleza mmiliki manufaa, yaani yule anayefaidi kwa kweli hata kama jina si lake. Gari lina usajili wake TRA. Kuna vipande vya UTT, yaani mifuko ya uwekezaji wa pamoja, hisa za soko la hisa, hatifungani za serikali, mafao ya NSSF na PSSSF. Kuna fremu ya Kariakoo, ambayo si nyumba yako lakini kilemba ulicholipia, yaani fedha ya kupewa nafasi, ni fedha nzito. Kuna bajaji tano zilizoandikwa majina ya madereva. Na kuna simu, ambayo pesa ya mji huu inapita humo zaidi kuliko benki.

Hapo kwenye simu na benki nawapa onyo. Benki haitakupa taarifa za mwenzako kwa kuwa mliwahi kuwa wanandoa, na ni sawa isikupe. Njia ni kuiomba mahakama itoe wito kwa benki au kampuni ya simu ilete taarifa ya miamala ya kipindi fulani. Usiibe namba ya siri ya simu yake usiku amelala, wala usimlipe kijana wa mtandaoni akuingilie akaunti. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye kifaa au akaunti ya mtu bila ruhusa. Utakwenda mahakamani kudai kiwanja, utoke umeshtakiwa.

Baba zangu mnanitazama kana kwamba nawasema ninyi tu. Hapana. Wanawake pia wanaficha. Kiwanja cha Kigamboni kilichonunuliwa kwa mgao wa kikoba, kikaandikwa jina la dada, nacho kilichumwa ndani ya ndoa. Ukimfungulia mwenzako daftari, lako nalo litafunguliwa. Lile shauri la Bi Hawa Mohamed ninaloliheshimu sana kwa kazi ya nyumbani lina upande wa pili ambao wanaolisifu huusahau. Mume alikuwa amempa fedha za kuanzisha biashara ya familia, akazitumia vingine, na Mahakama ya Rufani ikaona kwamba sehemu yake ameshaila. Ikatamka kanuni iliyowafaa wanawake wa nchi nzima, na yeye mwenyewe akatoka bila kitu. Kwa hiyo kabla ya kurudi mahakamani, kaa na wakili wako umweleze yote ya kwako. Yote.

Tumrudie mdogo wa mume, mwenye jina kwenye karatasi ya Chanika. Huwezi kumpiga kona. Mahakama haimnyang'anyi mtu mali bila kumsikiliza, kwa hiyo lazima naye aunganishwe kwenye shauri, aulizwe pesa alizipata wapi, alikuwa anafanya kazi gani mwaka ule, mafundi aliwalipa yeye au kaka yake. Mara nyingi maswali hayo matatu yanatosha. Lakini ikiwa kiwanja kimeshauzwa kwa mtu baki aliyenunua kwa nia njema na kulipa bei halisi, kukirudisha ni kazi kubwa mno, na huenda unachoweza kudai ni thamani yake kutoka kwa aliyeuza. Ndiyo maana ukishajua, moja ya mambo ya mwanzo ni kuomba zuio la muda mahakamani ili kisiuzwe, na kama kina hati, kuandikisha tahadhari kwa Msajili wa Hati. Na kwa nyumba ya familia mnayoishi, Sheria ya Ndoa tangu mwanzo imekataza mmoja kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Usikubali kuweka dole gumba kwenye karatasi ya mkopo ambayo hujasomewa.

Kuna wenzetu Waislamu walioandikiana talaka, wakagawana mbele ya wazee, wakaamini imekwisha. Talaka ile ina uzito wake kidini, na mahakama huizingatia inapoombwa kuvunja ndoa. Ila mgawanyo wa mali wenye nguvu ya sheria unatoka mahakamani, baada ya baraza kutoa cheti kwamba usuluhishi umeshindikana. Vivyo hivyo kwa waliogawana nyumbani kwa mchungaji, au kwa barua tu ya ukoo. Kama mahakama haijawahi kuhusika, huna hukumu ya kufungua upya. Unaanza safari yenyewe tangu mwanzo, na mali zote ziko mezani. Wajumbe wa baraza nanyi nawaomba: msigawe mali. Sheria haikuwapa kazi hiyo, na kila mara baraza linapogawa vyombo na viwanja, linampa mwenye kuficha karatasi ya kujifichia.

Je, kila jambo lirudiwe? Hapana, na wakili anayekwambia ndiyo kwa kila kitu muogope. Kama kilichofichwa ni friji na pikipiki iliyochakaa, gharama za shauri zitaila tofauti yote, na watoto wataishi tena miaka miwili ya vita ya wazazi wao. Mimi humuuliza mteja mambo mawili. Kama ungejua siku ile, ungesaini? Na unayo karatasi, au unaweza kuipata? Akisema asingesaini, na karatasi ipo, twende. Akisema asingesaini lakini hana karatasi, tunaanza kwanza kuitafuta, haraka, kabla ya kufungua chochote.

Kuna mtu hapa ndani, mwanaume au mwanamke, ambaye shauri lake bado linaendelea na ana mali hajaitaja. Simjui, ila nasema naye. Itaje. Hakimu anaweza kukuachia sehemu kubwa yake ukionyesha jinsi ulivyoichuma, sheria haisemi nusu kwa nusu kwa kila kitu. Ukiificha na ikajulikana, hakuna atakayekuamini hata kwa ile uliyoichuma kwa haki, na utaishi miaka ukiwaogopa majirani wa Chanika, ukimwogopa mdogo wako mwenyewe anayeshika karatasi, ambaye siku mkikosana atajua la kufanya. Watoto wako ndio waliofichwa kiwanja hicho, kabla hata ya mama yao.

Hapa Temeke tuna bahati ya kuwa na Kituo Jumuishi cha mahakama kinachoshughulikia masuala ya familia tu, ndoa, mirathi na watoto, chini ya paa moja. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kwa hiyo hakuna sababu ya kusaini usichokielewa. Asiye na uwezo wa kulipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamtambua, na TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wamekuwa wakiwasaidia watu wa namna hiyo kwa miaka mingi.

Nitakaa pale mezani mpaka jioni pamoja na wenzangu. Wenye hukumu ambazo hazijatimiza siku 30 waje kwanza, hata kama wamekaa nyuma. Wengine mje na mlichonacho: hukumu, mwenendo, mauziano, risiti, hata picha ya kibao cha kiwanja. Ambaye hana nakala ya mwenendo tutamwandikia hapahapa barua ya kuiomba, kesho asubuhi aipeleke mahakamani.